Jinsi ya kuhukumu tamthilia iliyotokana na riwaya ya vita unayoipenda

Mtu aliyeipenda riwaya akiikuta kwenye runinga, neno la kwanza kumtoka ni "lakini kwenye kitabu haikuwa hivi." Karibu kila mara anasema kweli, na ukweli huo hautoshi. Kitabu cha kurasa 500 hakiingii kwenye saa nne bila kukatwa, kwa hiyo anayehesabu tofauti anahesabu jambo ambalo halikuwa na budi kutokea. Kazi ya anayehukumu ni kujua kila kilichokatwa kilikuwa kimebeba nini, kisha aangalie kama mzigo huo umehamishiwa mahali pengine au umetupwa njiani. Riwaya za vita hubeba miwili mizito kuliko yote: nani ana lawama, na nani anakufa kwa sababu ipi. Hiyo miwili ndiyo runinga hupenda kuitua mapema.

Mfano wa kufanyia kazi hapa ni All the Light We Cannot See, riwaya ya Anthony Doerr iliyotoka 2014 na kupata Tuzo ya Pulitzer 2015, pamoja na tamthilia yake ya sehemu 4 iliyowekwa Netflix Novemba 2023. Mwongozaji ni Shawn Levy, muswada ni wa Steven Knight. Inafaa kujifunzia kwa sababu ina mazuri ya kweli, na makosa yake ni ya wazi kiasi cha kuonyesha yalikotoka. Mwisho wa kitabu na mwisho wa tamthilia vyote vimetajwa humu, kwa hiyo kama hujasoma, soma kwanza.

Kwa aliyeisahau kidogo: Marie-Laure ni msichana asiyeona, binti wa fundi makufuli wa makumbusho ya historia ya asili jijini Paris. Wajerumani wanapoingia Paris 1940, baba anamkimbizia Saint-Malo, mji uliozungushiwa kuta za mawe kwenye pwani ya Ufaransa, nyumbani kwa Etienne, ndugu wa babu yake, ambaye kwa miaka mingi hatoki nje. Werner ni yatima wa Essen, kwenye migodi ya makaa ya mawe, kijana mwenye kipaji cha kutengeneza redio. Kipaji hicho kinamfikisha kwenye shule ya Kinazi, kisha jeshini, kazi yake ikiwa kusaka redio za siri za wapinzani. Njia zao zinakutana Agosti 1944, Wamarekani wakiushambulia mji.

Kabla ya kuwasha runinga

Chukua karatasi moja. Bila kufungua kitabu, andika mambo kumi yaliyokukaa kichwani kutoka kwenye riwaya. Usiandike muhtasari. Andika tukio, harufu, kauli, kitu kilichoshikwa mkononi. Jipe dakika 20. Ukifika saba ukakwama, bakia na saba.

Sasa fungua kitabu ulitafute kila moja. Mawili au matatu hutayakuta yalivyo kichwani mwako: kumbukumbu imeunganisha matukio mawili, au imempa mhusika mmoja maneno ya mwingine. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo maana malalamiko mengi kuhusu tamthilia hulilia mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa. Futa yasiyokuwepo. Yanayobaki ndiyo mizani yako.

Mbele ya kila moja andika linafanya kazi gani, kwa kitenzi. "Linasikitisha" halikusaidii kitu. "Werner ananyamaza" linakusaidia. "Etienne anavuka kizingiti cha mlango wake" linakusaidia. Ukishaandika kitenzi, utaweza baadaye kuuliza kama kwenye runinga kuna mtu, popote pale, anayefanya tendo hilo.

Kisha jibu maswali manne kuhusu kitabu chenyewe, mstari mmoja kila swali. Nani anasimulia, na anaona kutoka wapi? Wakati umepangwaje? Nani ana lawama, na kiasi gani? Nani anakufa, na kwa mkono wa nani? Kwa riwaya ya Doerr majibu ni haya. Msimulizi anakaa karibu sana na hisia za mhusika: kwa Marie-Laure hakuna rangi ya ukuta, kuna ubaridi wake. Wakati unarukaruka kati ya siku chache za Agosti 1944 na miaka iliyotangulia, kwa sura fupi za ukurasa mmoja hadi minne mitano hivi. Werner ana lawama, na si ndogo. Na vifo havina uwiano wowote na wema wa mtu.

Hesabu ya sekunde kwa ukurasa

Gawanya muda wote wa tamthilia kwa idadi ya kurasa za kitabu. Riwaya yetu ina kurasa 530 hivi, tamthilia ina takribani saa 4, yaani sekunde 14,400. Unapata sekunde 27 kwa kila ukurasa. Linganisha na Vita na Amani ya Tolstoy, ambayo BBC waliitengeneza 1972 kwa sehemu 20, karibu saa 15, Anthony Hopkins akiwa Pierre. Ukikadiria kitabu kuwa na kurasa 1,200, hiyo ni sekunde 45 kwa ukurasa. BBC haohao waliirudia 2016 kwa sehemu 6, muswada wa Andrew Davies, saa 6 na ushee: sekunde 19 tu.

Namba hii haisemi kama kazi ni nzuri. Inakuambia udai nini. Zikiwa sekunde 45, una haki ya kuuliza alikwenda wapi mhusika wa pembeni uliyempenda. Zikishuka chini ya 30, wahusika wataunganishwa na wengine watafutwa, na kulilia kila mmoja ni kumwonea mwandishi wa muswada. Badala yake pima sekunde chache zilizopatikana zimetumika wapi. Ukiangalia mara ya pili, weka saa ya simu uandike dakika za kila uzi: uzi wa almasi ya makumbusho inayosakwa na Mjerumani von Rumpel, akiamini baba wa Marie-Laure amekimbia nayo, uzi wa shule ya Werner, uzi wa nyumba ya Saint-Malo, mabomu na mbio. Ukikuta msako wa almasi umekula dakika nyingi kuliko malezi ya kijana mzima ndani ya shule ya Kinazi, tayari unajua watengenezaji waliona hadithi iko wapi.

Mara ya kwanza: usiandike chochote

Angalia yote bila kalamu, bila kusimamisha, ikiwezekana kwa siku mbili, sehemu mbili kila siku. Mtu anayeandika tangu dakika ya kwanza huona makosa tu, kwa sababu makosa ni rahisi kuandika kuliko uigizaji mzuri. Weka sauti ya asili ya tamthilia na maandishi ya tafsiri chini ya skrini kama unayahitaji. Usitoe hukumu kwa toleo lililoingizwa sauti nyingine, wala kwa lile lililosimuliwa na DJ. DJ hodari ni msimulizi wa pili: anaongeza, anafafanua, anaweka chumvi panapopwaya, na mwishoni utajikuta umemhukumu yeye.

Ukimaliza, andika sentensi moja tu: moyo ulishtuka wapi, na ulichoka wapi. Funga daftari, lala.

Mara ya pili: vitenzi vinne

Sasa shika kalamu. Gawa ukurasa kwa safu nne: kilichokatwa, kilichounganishwa, kilichohamishwa, kilichoongezwa. Kila unaposimamisha, andika dakika. Jaza safu bila hasira, kisha rudi kwenye kila mstari uulize swali lilelile: kilikuwa kimebeba nini?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo kwa Werner.

Kwenye riwaya, shuleni Schulpforta, Werner analala bweni moja na Frederick, kijana mpole anayependa ndege, mwenye macho mabovu, aliyekariri herufi za kipimo cha macho ili asigundulike. Usiku mmoja wa baridi kali wanatolewa uwanjani. Mfungwa amefungwa kwenye nguzo. Kila mwanafunzi anapewa ndoo ya maji ammwagie. Ndoo zinapita, mmoja baada ya mwingine. Werner anamwagia kama wenzake. Frederick anapokea ndoo yake, anaimwaga chini, na kusema hatafanya. Anapewa nyingine, anaimwaga chini. Baadaye Frederick anapigwa hadi akili yake inaharibika, na Werner, rafiki yake, hajainua mkono. Baadaye tena, akiwa askari, vipimo vyake vya redio vinaongoza kikosi hadi kwenye nyumba moja jijini Vienna. Wanauawa mama na binti yake mdogo, na redio haikuwemo humo ndani.

Kwenye tamthilia Frederick hayupo. Kwa hesabu ya sekunde 27 jambo hilo linaweza kusameheka, kwa hiyo usikimbilie kuandika "wamemfuta Frederick, aibu." Uliza: je, kuna mahali pengine Werner ananyamaza palipompasa kusema? Je, kuna mtu anayeumia kwa kazi ya mikono yake, huku yeye akijua? Tafuta sehemu zote nne. Unachokipata ni kijana ambaye tangu sehemu ya kwanza anaisikiliza sauti ya Marie-Laure redioni na kuilinda dhidi ya wakubwa zake. Shule ni katili kwake, jeshi ni katili kwake. Yeye mwenyewe amebaki msafi. Louis Hofmann anamwigiza kwa uso wenye maumivu mengi, lakini ni maumivu ya aliyetendwa, na Werner wa kitabuni alitenda.

Ndiyo maana swali la mzigo lina nguvu kuliko orodha ya tofauti. Mtu mmoja aliyefutwa amekwenda na lawama yote, na ikishaondoka, mwisho mzima unabadilika maana. Kitabuni, Werner anapomwokoa Marie-Laure, ni tendo la kwanza la mtu aliyekwishachelewa sana. Kwenye runinga ni tendo la kumi la mtu mwema. Ukiandika hivyo kwenye hukumu yako, msomaji ataelewa ulichopoteza hata kama hajawahi kukishika kitabu.

Kwa wasomaji wa huku kwetu swali hili si la mbali. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2020, ina vijana wanaoingia kwa hiari yao katika jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Siku itakapofikishwa kwenye runinga, pa kwanza kutazama ni palepale: je, hiari hiyo imebaki, au wamegeuzwa watu waliokokotwa?

Vifo

Tengeneza orodha ya wafu wa kitabu na ya wafu wa tamthilia, uziweke sambamba. Mbele ya kila jina andika aliyeua na sababu. Ni dakika kumi za kazi na zina faida kuliko kurasa za maoni.

Werner wa kitabuni, baada ya kumtoa Marie-Laure salama, anatekwa, anaugua homa, na usiku mmoja anatembea hadi kwenye bomu lililotegwa ardhini na jeshi lake mwenyewe. Basi. Hakuna anayemlipiza, hakuna anayemlilia pale. Kwenye tamthilia anajisalimisha kwa Wamarekani akiwa hai, baada ya yeye na Marie-Laure kucheza muziki na kubusiana. Baba wa kitabuni anakamatwa akirudi Paris, barua zake zinafika kwa muda, kisha zinakoma, na binti anazeeka bila kujua baba aliishaje. Kwenye tamthilia tunamjua muuaji wake: von Rumpel, msaka almasi. Von Rumpel wa kitabuni anauawa na Werner. Wa runinga anauawa na Marie-Laure. Etienne wa kitabuni anaishi baada ya vita, anakaa Paris na Marie-Laure. Wa runinga anakufa.

Ziangalie orodha hizo mbili kwa utulivu na mwelekeo utajitokeza wenyewe. Kifo kisicho na mhusika kimepewa mhusika. Asiyejulikana alikofia ameonyeshwa. Dhulma imelipwa na aliyedhulumiwa. Aliyetenda wema amepona. Kila badiliko peke yake lina utetezi wake, na utetezi huo uandike, kwa sababu ni wa haki: mtazamaji wa sehemu nne anahitaji adui mwenye uso, na baba anayetoweka tu ni vigumu kumwonyesha kwenye picha. Lakini yakiwekwa pamoja, yameifanya vita kuwa mahali ambapo kila mtu hupata stahili yake. Riwaya ilikuwa inasema kinyume chake, na wanaoipenda wanaipenda kwa sababu ya huo ukinyume.

Mpangilio wa wakati

Huu ni wa kuupitia kwa haraka. Chora mstari, weka alama za miaka, fuata sehemu ya kwanza uone inarukia wapi na kwa sababu gani. Kisengerenyuma kizuri, yaani kurudi kwenye yaliyopita, hujibu swali ulilokuwa umeanza kuliuliza, na kibaya hueleza jambo ambalo hukulihitaji bado. Kwenye riwaya, mizunguko ya wakati inakufanya ujue tangu mwanzo kwamba mabomu yanakuja, kwa hiyo kila furaha ya utotoni unaisoma huku umejikunja. Tazama kama tamthilia inakukunja hivyo. Angalia pia imeishia mwaka gani: kitabu hakiishi 1944, kinafika 1974, ambapo Jutta, dada yake Werner, anabeba aibu ya nchi yake hadi Ufaransa, kisha 2014. Tamthilia ikikoma kwenye ukombozi, imekata deni la miaka iliyofuata.

Macho na masikio

Riwaya ya msichana asiyeona na kijana wa redio ni riwaya ya sauti na ngozi. Kamera, kwa asili yake, inaona. Mgongano huo ndio mtihani mkubwa wa kiufundi, na una njia tatu za kuupima.

Ya kwanza ni mikono. Tamthilia hii iliwachukua Aria Mia Loberti na mtoto Nell Sutton, ambao wote wana ulemavu wa kuona. Loberti hakuwa ameigiza kabla ya hapo. Angalia mkono wake ukifika kwenye meza, kwenye ngazi, kwenye mfano wa mji ambao baba amemchongea kwa mbao. Unakwenda moja kwa moja, kidole kimoja mbele, unatulia, unasoma. Mwigizaji anayeona akijifanya haoni kwa kawaida hunyoosha mikono yote miwili kama anayepapasa gizani na kuinua kidevu juu. Hapa hakuna hilo, na ni sifa kubwa, ya kuandikwa kwa herufi nzito. Kitabuni baba anamzungusha binti mara tatu mtaani, kisha anamwambia ampeleke nyumbani, na binti anahesabu mifuniko ya mitaro kwa fimbo yake. Ukimtazama Loberti anavyotembea, unaamini kuna mtu aliyewahi kuhesabu hivyo.

Ya pili ni masikio yako. Vaa visikilizi vya masikioni, funga macho kwa dakika 10 mara tatu: mwanzoni, katikati, na wakati wa mabomu. Je, unajua Marie-Laure yuko chumba gani? Je, unaweza kutambua nani anapanda ngazi? Kitabuni amejificha darini, kopo la chakula liko mapajani, njaa imemzidi, na mtu mbaya yuko ghorofa za chini akitembea kwa kuchechemea. Ili kulitoboa kopo bila kusikika anasubiri kombora lilipuke mjini, ndipo anagonga kisu. Kombora, pigo. Kimya. Kombora, pigo. Huo ndio uandishi wa sauti wenyewe. Tamthilia si lazima iwe na kopo, lakini lazima iwe na angalau tukio moja la uzito huo, ambapo sikio ndilo linaloamua mtu ataishi au atakufa. Ukifumba macho na kusikia muziki wa kuhuzunisha tu umefunika kila kitu, umepata jibu. Hesabu pia vifo vinavyotokea bila muziki. Wasioamini picha zao humwaga vinanda kwenye kila jeneza.

Ya tatu ni maelezo. Kila mhusika anaposema kwa mdomo maana ya kichwa cha hadithi, weka alama. Mara moja inavumilika, mara tatu ni kasoro, kwa sababu jambo ambalo msomaji aliachiwa aligundue mwenyewe limetangazwa kama tangazo la biashara. Tamthilia hii ina tabia hiyo hasa kupitia sauti ya profesa wa redioni, ambaye wahusika walimsikiliza utotoni.

Lugha na lafudhi

Wafaransa wanaozungumza Kiingereza hawapaswi kukusumbua, ni makubaliano ya kawaida ya runinga. Uliza kama makubaliano hayo yanafuatwa kwa kila mtu. Hapa Wafaransa wanasema Kiingereza cha aina ya Uingereza, na Mark Ruffalo, Mmarekani anayemwigiza baba, anakikimbiza kwa taabu ya kusikika. Werner na von Rumpel wanaigizwa na Wajerumani, na lafudhi yao imeachwa ilivyo. Matokeo yake masikio yanafundishwa kwamba Marie-Laure ni wetu na Werner ni mgeni, wakati nusu ya kitabu imeandikwa ili ukae ndani ya kichwa cha Werner bila kuhisi ugeni. Kasoro ya lafudhi ni ndogo ikiwa inakera tu. Inakuwa kubwa inapohamisha upande wa msomaji, kama hapa.

Historia

Usipoteze jioni nzima kwenye vifungo vya sare. Kagua mambo matatu: tarehe kubwa, nani alimshambulia nani, na raia walikuwa wapi. Saint-Malo ilishambuliwa Agosti 1944. Kamanda wa Kijerumani, Andreas von Aulock, alisalimu amri tarehe 17 mwezi huo, na kisiwa cha Cézembre kilicho mbele ya mji kilishikilia hadi 2 Septemba. Takribani asilimia 80 ya mji wa ndani ya kuta iliharibiwa, sehemu kubwa kwa makombora, mabomu na moto uliofuata.

Jambo la pili ndilo lenye uzito. Mabomu yaliyouangukia mji yalikuwa ya wakombozi. Riwaya inafunguka kwa karatasi za onyo zinazomwagwa kutoka angani zikiwataka wakazi watoke mjini. Moja inanasa dirishani kwa Marie-Laure. Anaishika, anainusa, wino wake bado mbichi, na hawezi kuisoma. Ndani ya karatasi hiyo moja kuna ukombozi na hatari ya kifo kutoka mkono uleule. Kagua kama tamthilia imeuacha uchungu huo, au imewagawa watu kuwa wanaolipua na wanaookoa. Kuhusu raia: wanaume wa mji kweli walifungiwa na Wajerumani kwenye ngome ya Fort National mapigano yakiendelea, na Doerr anautumia ukweli huo kumwondoa Etienne nyumbani ili msichana abaki peke yake. Badiliko la kihistoria linalovunja sababu kama hiyo ni kosa la ufundi kwanza, la historia baadaye.

Mtazamaji asiyesoma kitabu

Mtafute mtu mmoja ambaye hajaisoma riwaya, aangalie yote, usimdokeze neno. Kisha muulize mambo matatu: Werner amefanya kosa gani? Ni wakati gani uliogopa kweli? Baada ya mwisho, wanakwenda wapi? Akijibu la kwanza kwa "hakuna", una ushahidi kuhusu lawama kutoka kwa mtu asiye na kinyongo. Akiwa aliogopa na kulia mahali, liandike kwa uaminifu, hata kama wewe ulikereka papo hapo. Hukumu ni mbili, na zisichanganywe: kama tafsiri ya riwaya, na kama tamthilia inayosimama kwa miguu yake. Kazi inaweza kufaulu moja na kufeli nyingine.

Kuandika hukumu

Acha alama za nyota. Andika sentensi tatu kwanza, maelezo yafuate. Ya kwanza: imebeba nini cha kitabu ambacho ni kitabu pekee kingekuwa nacho? Ya pili: imetua nini, na kupitia badiliko gani? Ya tatu: badiliko hilo limenunua nini?

Kwa mfano wetu zingekuwa hivi. Imeubeba mwili wa Marie-Laure, mikono na hatua zake, kuliko tulivyothubutu kutegemea. Imeitua lawama ya Werner kwa kumfuta Frederick, na imetua upofu wa kifo cha vitani kwa kumwacha Werner hai na kumpa kila mfu muuaji wake. Imenunua mwisho wenye matumaini na mapenzi ya vijana wawili, ambayo kitabuni yalikuwa ni saa chache tu za kukaa pamoja na kula kopo la matunda kabla ya kuagana.

Kisha subiri wiki mbili. Chukua karatasi mpya, andika tena mambo kumi unayoyakumbuka, uiweke kando ya ile ya kwanza. Tazama ni mangapi sasa yana nyuso za waigizaji, na kama ile ndoo ya maji bado imo.